Kusoma Kozi ya Utangulizi ya Biolojia Chuoni: Yanayotarajiwa Kwako na Namna ya Kujipanga

Mwanafunzi aliyefaulu vizuri biolojia ya sekondari hutegemea kwamba kozi ya utangulizi ya chuo itakuwa marudio ya aliyokwisha kuyasoma, pengine kwa undani zaidi kidogo. Mada zenyewe humpa sababu ya kudhani hivyo, kwa kuwa ni zile zile: seli, jeni, usanisinuru, uainishaji wa viumbe, mageuko. Kinachobadilika ni aina ya swali. Hapo awali aliulizwa ataje kazi ya mitokondria, na jibu la mstari mmoja lilimtosha. Chuoni anaweza kuambiwa kwamba seli imewekewa kemikali inayoufanya utando wa ndani wa mitokondria uvujishe protoni, kisha aulizwe iwapo matumizi ya oksijeni yatapanda au yatashuka, utengenezaji wa ATP (molekuli inayobeba nishati ambayo seli huitumia) utakuwaje, na kwa nini.

Aliyekariri kwamba mitokondria hutengeneza nishati ya seli hana pa kuanzia. Aliyeelewa mchakato atajieleza hatua kwa hatua: elektroni hupita kutoka protini moja hadi nyingine katika utando ule, na nishati zinayoitoa husukuma protoni upande mmoja; protoni zinaporudi kupitia kimeng'enya maalumu, ATP hutengenezwa. Zikivuja njia nyingine, kimeng'enya hicho hukosa msukumo, kwa hiyo ATP hupungua. Wakati huo huo, mrundikano wa protoni uliokuwa ukiuzuia mtiririko wa elektroni usiende kasi huwa umeondoka, kwa hiyo elektroni hupita kwa wingi zaidi, na oksijeni inayozipokea mwishoni hutumika zaidi. Nishati hupotea kama joto. Jibu hilo halipo neno kwa neno katika kitabu wala katika slaidi za mhadhiri, ingawa kila kipande chake kimefundishwa.

Kozi nzima imejengwa juu ya uwezo huo wa kuunganisha vipande, na hatua zinazofuata zinakusudia kukuzoeza kazi hiyo tangu wiki ya kwanza.

Hatua ya kwanza: usome muhtasari wa kozi kama mkataba

Kabla ya mhadhara wa kwanza, soma muhtasari wa kozi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Tafuta namna alama zinavyogawanywa kati ya mitihani, majaribio mafupi ya darasani, maabara na kazi za nyumbani. Tafuta pia masharti ya kuchelewesha kazi, na hasa kanuni ya mahudhurio ya maabara, kwa sababu katika vyuo vingi kukosa vipindi vichache tu vya maabara kunatosha kumzuia mwanafunzi kufaulu hata kama mitihani yake ni mizuri. Hamishia tarehe zote kwenye kalenda moja pamoja na tarehe za kozi zako nyingine, ili uzione mapema zile wiki ambazo mitihani miwili na ripoti moja zitagongana.

Hatua ya pili: tenga saa, kisha uzitawanye

Makadirio yanayotumika katika vyuo vingi ni saa mbili za kujisomea kwa kila saa moja ya mhadhara. Ikiwa una mihadhara ya saa tatu kwa wiki, tenga saa sita, na uongeze muda wa kuandika ripoti ya maabara. Namna ya kuzitumia saa hizo ni muhimu kuliko hesabu yenyewe. Mwaka 1885, mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe ya kukariri silabi zisizo na maana, na akaonyesha kwamba usahaulifu huwa wa kasi kubwa mwanzoni kisha hupungua, na kwamba marudio yaliyotawanywa kwa siku kadhaa huhifadhi zaidi kuliko marudio yaliyorundikwa mahali pamoja. Saa sita za Jumapili moja, kwa hiyo, hazilingani na saa moja moja katika siku sita, ingawa kwenye karatasi ni zile zile.

Hatua ya tatu: uingie kwenye mhadhara ukiwa na maswali

Nusu saa ya kusoma kabla ya mhadhara inatosha, na haikulazimu uelewe kila kitu. Anza na michoro ya sura husika. Katika vitabu vya biolojia mchoro ndio unaobeba hoja, na maandishi yaliyouzunguka huufafanua. Wanafunzi wengi hufanya kinyume, wakasoma aya zote na kuipita michoro kana kwamba ni mapambo. Fuata kila mshale na ujiulize unaonyesha nini: je, ni kitu kinachosafiri, ni kitu kinachogeuka kuwa kingine, au ni kitu kinachochochea kingine? Mishale hiyo mitatu hufanana kwa sura, na kuichanganya ni chanzo cha makosa mengi. Pale unapokwama, andika swali. Swali hilo litakufanya usikilize kwa namna tofauti mhadhiri atakapofika hapo.

Usishtuke ukikuta kitabu na mhadhiri wametofautiana katika tarakimu. Vitabu vya zamani husema molekuli moja ya glukosi hutoa ATP 36 au 38, ilhali vya karibuni hutaja takriban 30 hadi 32, kwa sababu vipimo vimeboreshwa. Kwa miaka mingi wanasayansi waliamini kwamba binadamu ana kromosomu 48, mpaka mwaka 1956 Joe Hin Tjio na Albert Levan walipozihesabu upya na kupata 46. Muulize mhadhiri anatumia tarakimu ipi na kwa sababu gani. Maswali ya namna hiyo hupokelewa vizuri.

Hatua ya nne: uandike kidogo, uchore zaidi

Slaidi utazipata baadaye, kwa hiyo hakuna faida ya kuzinakili. Andika kile kisichokuwemo: mfano aliousema mhadhiri kwa mdomo, sababu aliyoitoa, kosa alilotahadharisha, na kila mahali aliposema "kwa sababu". Anapochora ubaoni, chora naye kwa mpangilio ule ule, kwa kuwa mpangilio wa uchoraji ndio mpangilio wa mchakato. Siku hiyo hiyo, kabla ya kulala, chukua karatasi tupu na uandike yote unayokumbuka bila kufungua daftari. Kisha lifungue na ujazie mapengo kwa kalamu ya rangi nyingine. Ile rangi ya pili ndiyo orodha yako ya mambo ya kusoma kesho.

Hatua ya tano: ujikumbushe bila kuangalia

Hatua hii ina uzito kuliko nyingine zote, na ndiyo wanafunzi wanayoikwepa zaidi kwa sababu inachosha. Kusoma tena maandishi yaliyokwisha kupigiwa mistari ya rangi huleta raha: kila sentensi inaonekana kuzoeleka zaidi kuliko jana, na msomaji huamini kwamba sasa anaijua. Kuzoea kuiona sentensi hakumfanyi mtu aweze kuitoa mwenyewe. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha jaribio ambamo wanafunzi walisoma matini fupi, kisha baadhi wakaisoma tena na wengine wakajaribu kuiandika kutoka kichwani. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka takriban asilimia 56, na waliorudia kusoma takriban asilimia 42. Mtihani wako hautafanyika dakika tano baada ya kusoma.

Tuchukue meiosisi, yaani mgawanyiko wa seli unaotoa seli za uzazi, mada inayowaangusha wengi, tuone namna ya kuifanyia kazi. Funga kitabu. Chora seli yenye kromosomu nne, yaani jozi mbili, jozi moja ndefu na nyingine fupi. Kromosomu zilizotoka kwa mama zipake rangi moja na zilizotoka kwa baba rangi nyingine. Chora sasa hali baada ya DNA kunakiliwa: kila kromosomu ina nakala mbili, ziitwazo kromatidi, zilizoshikana mahali paitwapo sentromia. Andika pembeni idadi ya kromosomu na idadi ya kromatidi. Hapa ndipo wengi huandika kwamba kromosomu zimekuwa nane. Sivyo, kromosomu huhesabiwa kwa sentromia, kwa hiyo bado ni nne, ila kromatidi ni nane. Endelea na mgawanyiko wa kwanza, ambao hutenganisha kromosomu za kila jozi na kuacha kromatidi zikiwa zimeshikana, hivyo kila seli hubaki na kromosomu mbili zenye kromatidi nne. Mgawanyiko wa pili ndio unaotenganisha kromatidi, na mwishoni unapata seli nne zenye kromosomu mbili kila moja.

Rudia uchoraji huo ukibadilisha namna jozi zilivyojipanga katikati ya seli, uone jinsi michanganyiko ya rangi katika seli za mwisho inavyobadilika. Kisha ujiulize: jozi moja isipotengana katika mgawanyiko wa kwanza, seli nne zitakuwaje? Je, kosa likitokea katika mgawanyiko wa pili wa seli moja tu? Katika hali ya kwanza seli zote nne huwa na kasoro, mbili zikiwa na kromosomu ya ziada na mbili zikiwa na upungufu. Katika hali ya pili seli mbili huwa sawa na mbili zina kasoro. Mwanafunzi anayeweza kuyachora haya kutoka kichwani hana haja ya kukariri orodha ya majina ya awamu kwa hofu, kwa sababu majina yatakuwa na mahali pa kukaa. Fanya vivyo hivyo kwa usanisi wa protini, kwa upumuaji wa seli, kwa usafirishaji wa ishara za neva na kwa kila mchakato utakaokutana nao.

Hatua ya sita: istilahi

Istilahi ni nyingi, na hakuna njia ya kuzikwepa. Nyingi zimejengwa kwa vipande vya Kigiriki na Kilatini vinavyojirudia, kwa hiyo ukijua kwamba "lisisi" ni kuvunja, basi glaikolisisi, haidrolisisi na plazimolisisi hazitakuwa majina matatu yasiyohusiana. Tengeneza kadi za maswali, lakini nyuma ya kadi usiandike fasili tu. Andika pia istilahi hiyo inatofautianaje na ile inayofanana nayo, kwa mfano kromatidi na kromosomu, au aleli na jeni. Kadi kumi kila siku zinatosha.

Hatua ya saba: jenetikia na hesabu

Jenetikia haisomwi, hufanyiwa mazoezi. Kufuata ufumbuzi wa swali lililokwisha kufanywa na kuona kwamba kila mstari una mantiki hakukupi uwezo wa kulifanya swali jipya, na tofauti hiyo huonekana katika chumba cha mtihani, wakati ambapo ni vigumu kuirekebisha. Fanya swali lote mwenyewe, andika jenotaipu za wazazi (yaani jeni walizo nazo), gameti zao (seli zao za uzazi) na uwezekano wa kila mzao, kisha ndipo ufungue jibu.

Zingatia pia kwamba uwiano wa vitabuni ni matarajio, na kwamba takwimu halisi hukaribia tu. Katika kazi aliyoichapisha mwaka 1866, Gregor Mendel aliripoti njegere 5,474 za mviringo na 1,850 zilizokunjamana katika kizazi cha pili, yaani uwiano wa 2.96 kwa 1 badala ya 3 kwa 1 kamili. Kipimo cha kai-mraba, ambacho utafundishwa, kinakusudiwa kujibu swali hili: je, tofauti iliyopo ni ndogo kiasi cha kuweza kuletwa na bahati nasibu? Anayekielewa hivyo hatahangaika kukumbuka lini akitumie.

Hatua ya nane: maabara

Soma maelekezo ya jaribio siku moja kabla na uchore jedwali la matokeo likiwa tupu. Ukishindwa kulichora, ni dalili kwamba hujaelewa kinachopimwa. Tambua kigezo kinachobadilishwa, kigezo kinachopimwa, vinavyopaswa kubaki sawa, na kundi la udhibiti ambalo matokeo yatalinganishwa nalo.

Jaribio la osmosisi, yaani upitaji wa maji kwenye utando wa seli, kwa vipande vya viazi ni mfano mzuri wa umakini unaotakiwa. Vipande huwekwa katika maji yenye viwango tofauti vya sukari, na uzito hupimwa kabla na baada. Kipande cha gramu 2.50 kikifika gramu 2.80 kimeongezeka gramu 0.30, na kipande cha gramu 5.00 kikifika 5.30 nacho kimeongezeka gramu 0.30, lakini cha kwanza kimeongezeka kwa asilimia 12 na cha pili kwa asilimia 6. Ndiyo maana ripoti inatakiwa kutumia asilimia ya mabadiliko, na anayelinganisha gramu tupu hupoteza alama bila kujua sababu. Ukichora grafu ya asilimia hizo, mahali mstari unapokata sifuri ndipo penye kiwango cha sukari ambacho maji hayaingii wala kutoka kwa jumla, na kutokana na hapo unaweza kukadiria hali ya ndani ya seli za kiazi. Katika ripoti, sentensi chache zinazoeleza mahali hapo zina thamani kuliko ukurasa mzima unaosimulia ulivyokata viazi.

Kuhusu hadubini, anza kila mara na lenzi ya ukuzaji mdogo, ulete taswira vizuri, kisha ndipo uongeze. Ukishafika kwenye lenzi ya mara 40 tumia kirekebishi kidogo pekee, kwa sababu kile kikubwa kinaweza kuigonganisha lenzi na kioo. Ukuzaji wa jumla ni zao la lenzi mbili, kwa hiyo lenzi ya jicho ya mara 10 na lenzi ya mara 40 hutoa ukuzaji wa mara 400. Chora kwa penseli, kwa mistari isiyokatika, na uchore unachokiona hata kama hakifanani na picha ya kitabuni.

Kanuni hiyo hiyo ihusu matokeo. Usibadilishe tarakimu ili zilingane na matarajio, na usinakili za kundi jingine. Matokeo yasiyotarajiwa yakielezwa kwa uaminifu, pamoja na sababu zinazowezekana, hupata alama nzuri. Matokeo ya kughushi ni kosa la kinidhamu. Katika hitimisho, andika kwamba matokeo yanaunga mkono au hayaungi mkono nadharia tete yako, na uepuke kusema kwamba yameithibitisha, maana jaribio moja halina uwezo huo.

Hatua ya tisa: mtihani

Katika maswali ya kuchagua, funika majibu kwa mkono, jibu swali kichwani, kisha utafute jibu lako miongoni mwa yaliyotolewa. Majibu yasiyo sahihi hutungwa kutokana na makosa ya kawaida ya wanafunzi, na huvutia sana kwa asiye na jibu lake mwenyewe.

Katika maswali ya maelezo, andika mnyororo wa sababu bila kuruka kiungo, na uwe mwangalifu na neno "ili". Ukiandika kwamba bakteria walijibadilisha ili wahimili dawa, umekosea, hata kama ulimaanisha jambo sahihi. Mwaka 1952, Joshua na Esther Lederberg walionyesha, kwa kunakili makoloni kutoka sahani moja hadi nyingine, kwamba bakteria wenye ukinzani huwapo hata kabla ya kukutana na dawa. Jibu sahihi ni kwamba katika kundi la bakteria walikuwepo wachache wenye badiliko la jeni linalowawezesha kuhimili, dawa ikawaua wengine, na waliosalia wakazaliana. Wasahihishaji huisaka tofauti hiyo, na wana haki, kwa sababu ndiyo inayowatenganisha walioelewa uteuzi asilia na wasiouelewa.

Hatua ya kumi: baada ya mtihani wa kwanza

Karatasi ikirudishwa, pitia kila alama uliyopoteza na uandike chanzo chake: hukuijua mada, uliijua lakini hukuweza kuitumia katika hali mpya, hukusoma swali vizuri, au muda ulikuishia. Kila chanzo kina tiba yake. Anayekosa kwa kutojua anahitaji kurudi kwenye hatua ya pili na ya nne. Anayekosa katika hali mpya anahitaji kuongeza maswali ya "nini kingetokea iwapo" katika hatua ya tano, na kuongeza saa za kusoma tu hakutamsaidia. Kikundi cha watu watatu au wanne kinafaa sana hapa, kwa sharti kwamba kila mmoja anafika akiwa amekwisha kusoma na anawaeleza wenzake mchakato mmoja bila daftari.

Kisha nenda kwa mhadhiri katika saa alizotenga za kuonana na wanafunzi, ndani ya wiki ile ile, ukiwa na karatasi yako na swali lililo mahususi. "Sijaelewa upumuaji wa seli" humwacha asijue aanzie wapi. "Ninaelewa namna protoni zinavyosukumwa, lakini sielewi kwa nini mtiririko wa elektroni husimama oksijeni ikikosekana" ni swali linaloweza kujibiwa kwa dakika kumi, na litamwonyesha mahali hasa ufahamu wako ulipokatikia.